Kofia ya kulinda kichwa: ni ya nani, inatengenezwa namna gani, na haiwezi nini

Kofia ya kulinda kichwa inatengenezwa kwa kipimo cha mgonjwa mmoja, ili akianguka asipasuke kichwa. Katika teritwari ya Bafwasende, jimbo la Tshopo, inawahusu kwanza watoto na vijana wenye kifafa, ambacho wengi wanakiita ugonjwa wa kuanguka.

Kwa nini habari hii inagusa Tshopo

Tshopo ni kati ya majimbo yenye onkoserkosi, yaani upofu wa mtoni. Inaletwa na vijidudu vinavyoingizwa mwilini na inzi wadogo weusi, ambao wanazaliana kwenye mito ya maji ya kasi. Huko Mahenge, Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall alikuta wagonjwa wengi wa kifafa tangu miaka ya 1960. Baadaye watafiti wa Congo na wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, walionyesha kwamba vijiji vyenye onkoserkosi nyingi vina pia kifafa kingi. Mara nyingi kinaanza kwa mtoto aliyekuwa mzima kabisa.

Nani anaihitaji

Si kila mwenye kifafa. Inamfaa anayeanguka ghafla kama mti uliokatwa, bila nafasi ya kuketi wala kushika kitu, hasa kama ameisha kuumia kichwa. Inamfaa pia aliyepasuliwa fuvu na kipande cha mfupa hakijarudishwa. Mgonjwa ambaye dawa imetuliza kifafa chake, kwa kawaida haihitaji.

Inavyotengenezwa

Fundi wa viungo vya bandia anapima mzunguko wa kichwa, kisha urefu toka paji la uso mpaka kisogo. Akihitaji umbo kamili, anachukua chapa ya kichwa kwa plasta, anapasha moto bamba la plastiki mpaka linalainika, na kulilaza juu ya chapa hiyo. Ndani anabandika sponji nzito. Anatoboa matundu ya hewa na kufunga mkanda wa kidevu. Nyingine zinashonwa kwa ngozi na sponji tu. Mahali pa kulinda zaidi panategemea mgonjwa: anayeanguka kifudifudi anahitaji sponji nene mbele, wa chali anaihitaji kwa kisogo.

Kaske ya pikipiki haiwezi kuchukua nafasi yake. Ni nzito kwa shingo ya mtoto, ina joto kali, na hakuna anayeweza kuivaa toka asubuhi mpaka jioni.

Katika mashariki ya Congo, watu wenye ulemavu wanahudumiwa kwenye vituo kama Simama kule Kisangani, Shirika la Umoja kule Goma na Heri Kwetu kule Bukavu. Toka Bafwasende mpaka Kisangani ni kilomita karibu 260. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta pesa ya safari, mzazi aombe muganga wa kituo cha afya aulize kwanza kama kofia hiyo inatengenezwa pale.

Kuitunza

Sponji ikaushwe kila jioni na ngozi ya kichwa iangaliwe: wekundu usiotoka unaonyesha kwamba kofia inabana. Mtoto anakua, kwa hiyo kipimo kirudiwe. Mkanda usilegee, wala usikabe koo.

Isichoweza kufanya

Kofia haizuii kifafa, wala haimwokoi mtu na moto wa jikoni au maji ya Lindi. Mgonjwa asipike peke yake kwa moto wa chini, wala asiende mtoni bila mwenzake. Dawa kama fenobarbitali inywewe kila siku. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kikali kuliko cha kwanza. Mtu akianguka, mlaze ubavu, legeza nguo za shingoni na usimtie kitu mdomoni. Ikipita dakika 5 bila kutulia, apelekwe kwa muganga.

Kinga ya onkoserkosi ni Mectizan, inayotolewa bure vijijini na wasambazaji wa jamii. Mtu asiitafute mwenyewe sokoni, maana kuna wenye minyoo ya aina nyingine ambao inaweza kuwadhuru.

Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kugusana. Kwa hiyo mtoto anayevaa kofia hii asifichwe nyumbani: anaweza kukaa darasani na wenzake, mradi mwalimu ameelezwa la kufanya siku atakapoanguka.