MTOTO ASIYE NA NENO, JE, ANA WAZO?

Mafunzo ya Watu Wazima kwa Redio: Somo la Historia

Kabla hatujaanza, mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno haya matatu: NENO, WAZO, KUTENGA. Mwanafunzi mmoja ayasome kwa sauti. Vizuri. Tutayahitaji.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya swali aliloniuliza mama mmoja nilipotembelea darasa lake. Alikuwa amempakata mtoto wa miezi michache, na daftari lake likiwa juu ya goti. Akasema: "Mwalimu, mama mkwe hunicheka nikizungumza na huyu mtoto. Huniambia, unapoteza mate yako bure. Mtoto asiyejua neno hata moja hana wazo lo lote kichwani. Je, ni kweli?" Darasa zima likacheka. Lakini swali hilo si la mchezo. Wataalamu wakubwa wamelijadili kwa zaidi ya miaka 1,000, na baadhi ya majibu mazuri yalitoka kwa wafuasi wa Buddha katika Bara Hindi.

Buddha alifundisha kaskazini ya Bara Hindi karne kadhaa kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Baada yake wafuasi wake walijenga nyumba za watawa, na baadhi ya nyumba hizo zikawa vyuo vikubwa. Chuo kilichosifika sana ni Nalanda, katika jimbo linaloitwa leo Bihar. Katika karne ya 7 mtawa mmoja Mchina, jina lake Xuanzang, alisafiri njia ndefu ya milima na majangwa, akasoma huko, kisha akarudi kwao mwaka 645 na mzigo mkubwa wa vitabu. Wataalamu wa zama hizo walishindana kwa hoja kama sisi tunavyoshindana kwa mpira. Na mojawapo ya hoja zao ilikuwa hii: neno hupata wapi maana yake?

Sikilizeni vizuri hapa. Katika Kiswahili twasema mtu, na tukitaka kutaja kile kinachomfanya mtu awe mtu, twasema utu. Wataalamu wengi wa Kihindu walifikiri hivyo juu ya kila kitu. Walisema ng'ombe wote, weusi kwa weupe, wana kitu kimoja ndani yao, yaani "ung'ombe", na neno ng'ombe hutaja kitu hicho.

Mbuddha mmoja aitwaye Dignaga, aliyeishi katika karne ya 5 na ya 6, alikataa. Alisema: nionyesheni huo ung'ombe. Mimi naona ng'ombe huyu na ng'ombe yule, kila mmoja na umbo lake na rangi yake. Basi neno hufanya kazi gani? Dignaga alijibu kwamba neno hutenga. Ukisema "ng'ombe", unaweka kando mbuzi, farasi, mti, na cho chote kisicho ng'ombe. Wanaobaki ndio uliokusudia. Kwa lugha yao ya Kisanskriti fundisho hili huitwa apoha, maana yake kutenga au kuondoa.

Hakukosekana mpinzani. Mtaalamu mmoja wa Kihindu, Kumarila, aliuliza swali kali: Je, nitajuaje kilicho "si ng'ombe" kabla sijamjua ng'ombe? Hapo, alisema, mnazunguka kama punda wa kinu cha mafuta, wala hamfiki po pote. Tazameni jinsi swali hili linavyomhusu mtoto. Yeye hana neno hata moja la kuanzia. Ataanzia wapi kutenga?

Aliyeshughulika na taabu hiyo ni Mbuddha mwingine, Dharmakirti. Alitoa mfano wa dawa za homa. Majani haya ni machungu, mizizi ile haina ladha hiyo. Hayafanani kwa sura wala kwa rangi. Lakini yote hupunguza homa, na kwa hiyo watu huyaweka pamoja na kuyatenga na majani mengine. Akili yetu hupanga vitu kwa kazi vinavyotufanyia, hata kabla hatujavipa jina. Neno huja baadaye, likakuta kazi ya kupanga imekwisha kuanza.

Sasa tumefika kwenye swali la mama yule. Katika kitabu chake kidogo kiitwacho Nyayabindu, Dharmakirti alieleza kwamba wazo ni picha ya akilini inayofaa kuunganishwa na neno. Angalieni: hakusema "iliyounganishwa", alisema "inayofaa". Katika karne ya 8 Dharmottara aliandika maelezo ya kitabu hicho, akataja sababu ya kuchagua maneno hayo: ni kwa ajili ya mtoto mchanga. Mtoto huyo, alisema, hulia mpaka atambue kwamba titi analoliona sasa ni lile lile alilolijua kwanza. Akilitambua, huacha kilio na kulitia kinywani. Hana neno, lakini amelinganisha la sasa na la zamani. Hilo ni wazo.

Maandiko hayo yalitafsiriwa katika Kiingereza na mtaalamu wa Urusi, Stcherbatsky, mwaka 1930. Mwaka 2011 wanafalsafa Siderits, Tillemans na Chakrabarti walitoa kitabu kizima juu ya apoha na akili ya mwanadamu.

Na wataalamu wa watoto je? Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, DeCasper na Fifer, waliwapa watoto wachanga, wasiotimiza siku tatu, chuchu ya mpira ya kunyonya. Namna mtoto alivyonyonya ndiyo iliyoamua atasikia sauti gani: ya mama yake au ya mama mwingine. Watoto walinyonya kwa namna iliyowaletea sauti ya mama zao. Walikuwa wakiitambua.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1978, Carey na Bartlett walieleza jaribio la shule ya watoto wadogo. Palikuwa na masinia mawili, moja la buluu na moja la kijani cha zeituni. Mwalimu alimwambia mtoto: niletee sinia la kromiamu, si la buluu, la kromiamu. Neno kromiamu mtoto hakulijua. Lakini aliliweka kando la buluu, akaleta lile jingine. Baada ya siku kadhaa baadhi yao walikuwa bado wanakumbuka kitu fulani juu ya neno lile, ingawa walilisikia mara moja tu au mbili. Dignaga angalifurahi kumwona mtoto yule.

Lakini tusipite mpaka. Jaribio la sinia halithibitishi kwamba kila neno hufanya kazi kwa kutenga tu. Na tofauti nyingine ni kubwa: Wabuddha hao walisema alama za akilini mwa mtoto mchanga zimetoka katika maisha aliyoishi kabla ya kuzaliwa hapa. Watafiti wa siku zetu husema mtoto alikwisha kuisikia sauti ya mama akiwa tumboni. Walilotambua wote ni hili, kwamba ukimya wa mtoto si utupu.

Basi, mama yangu, jibu lako ndilo hili. Zungumza na mtoto wako. Unapomwambia "hiki si kijiko, hiki ni kata", unampa kazi ambayo akili yake imekwisha kuwa tayari kuifanya. Na ninyi nyote mnaoshika kalamu kwa mara ya kwanza mkiwa na mvi, msikubali kuambiwa kwamba asiyejua herufi hana mawazo. Mliyaleta mawazo yenu darasani. Herufi zimeyakuta.

Kwaherini mpaka somo lijalo.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA DARASANI
1. Dignaga alisema neno hufanya kazi gani? Toa mfano wako.
2. Kumarila alipinga nini? Je, mfano wa dawa za homa unakutosheleza?
3. Mtoto wako au wa jirani alipoanza kusema, aliita vitu gani kwa jina lisilo lake? Alijirekebishaje?