Safari Isiyobanika

Mwaka 1951, Robert Fano wa MIT aliwapa wanafunzi wake chaguo: wafanye mtihani wa mwisho au waandike karatasi ya utafiti. David Huffman akachagua karatasi. Swali lilikuwa namna bora kabisa ya kuandika herufi kwa sifuri na moja, swali ambalo Fano mwenyewe alikuwa hajalimaliza. Jibu la Huffman lilichapishwa mwaka 1952: herufi inayojirudia sana ipewe alama fupi, iliyo adimu ibebe ndefu. Kwa Kiswahili, "a" ingepata alama fupi kuliko zote. Sisi karatasi zetu za muhula huishia kabatini. Ya Huffman bado iko kazini kila ukurasa wa mtandao unapofunguka.

Mwaka 1977, Jacob Ziv na Abraham Lempel wakaligusa tatizo upande mwingine: wakaacha herufi mojamoja, wakatazama vipande vinavyorudi. Chukua "haraka haraka". Neno la pili halina haja ya kuandikwa. Inatosha kusema: rudi nyuma nafasi 7, nakili herufi 6. Phil Katz aliziunganisha mbinu hizi mbili, na mwaka 1992 Jean-loup Gailly na Mark Adler wakazitumia katika gzip, programu huru iliyokuja kuchukua nafasi ya programu ya zamani iliyonasa kwenye hataza. Kufikia 1997, kanuni za HTTP/1.1 ziliruhusu kivinjari na seva kupatana: nitumie faili limebanwa, nitalifungua mwenyewe.

JavaScript, ambayo Brendan Eich aliiandika kwa siku kumi pale Netscape mwaka 1995, ilikusudiwa kazi ndogondogo. Lakini Gmail ilipotoka Aprili 2004, programu nzima ilikuwa inaishi ndani ya kivinjari, na msimbo ukawa mzigo wenyewe. Bahati nzuri msimbo unapenda kujirudia: "function" hapa, "return" pale. Douglas Crockford alikuwa tayari ametoa JSMin, inayofuta maelezo na nafasi tupu. Zana zilizofuata zikafupisha hata majina. Ukishapunguza hivyo kisha ukabana kwa gzip, faili mara nyingi hushuka hadi theluthi ya uzito wake au chini zaidi. Google ilipoleta Brotli mwaka 2015, ilitia ndani yake kamusi iliyokusanywa tayari: maneno ya Kiingereza, Kihispania, Kichina, Kihindi, Kirusi na Kiarabu, pamoja na vipande vya HTML na JavaScript. Kiswahili hakimo. Hasara si kubwa, maana msimbo wa mwandishi wa Dar es Salaam nao umejaa "function". Ila nakiri iliniuma kidogo.

Hayo yote yanapunguza uzito, na kwetu tatizo kubwa lilikuwa umbali. Kabla ya mkongo wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, ukigusa Mombasa na Dar es Salaam, sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki ilipita kwenye setilaiti, kilomita 36,000 juu. Ombi lipande na kushuka, jibu lipande na kushuka: karibu nusu sekunde, hata kama faili ni herufi moja. Safari haibaniki. Dawa yake ni kutosafiri kabisa, yaani kuweka nakala kwenye kache ya kivinjari.

HTTP ina pia njia ya kuuliza "faili hili limebadilika?" na kujibiwa kwa ufupi kwamba bado ni lilelile. Lakini kuuliza nako ni safari. Ndiyo maana mafundi wakazoea kuliambia faili likae sekunde 31,536,000, mwaka mzima, na kulipa jina linalotokana na yaliyomo. Ukibadilisha herufi moja, jina linabadilika, na kivinjari kinaleta jipya bila kuuliza chochote kuhusu la zamani.

Kwa kurasa za kawaida mambo yangeishia hapo. Kisha Desemba 2011 WebSocket ikawa kanuni rasmi, na ukurasa ukaweza kubaki umeunganishwa na seva kwa siku kadhaa. Fikiria ukurasa wa matokeo ya moja kwa moja, Simba na Yanga. Usiku fundi anabadilisha ujumbe wa seva: palipoandikwa "mabao" sasa ni "magoli". Simu iliyoacha ukurasa wazi tangu jana bado ina msimbo wa jana, unasubiri "mabao" ambayo hayaji tena. Hakuna kosa linaloonekana. Ubao unasoma 0-0 tu, na mtu anaamini.

Kwa hiyo seva hutaja namba ya toleo muunganisho unapoanza, na msimbo uliozeeka hujijua. Kuamuru kila simu ipakie upya papo hapo ni kuiangusha seva kwa maelfu ya maombi ya dakika moja. Bora kila moja isubiri muda wake wa kubahatisha. Msimbo nao ugawanywe, maktaba zisizobadilika zikae faili lake, ili bando la mtu liliwe na kile kipya peke yake. Na kabla ya kupakia, programu iangalie kama kuna sentensi ambayo mtu hajamaliza kuiandika.