Malale: usiku usiolalika wa Kibondo na Kasulu

Mrina asali akirudi kutoka miombo ya Kibondo, mkoani Kigoma, na malale mwilini, homa hutangulia. Baadaye anaanza kusinzia mchana, pengine tonge bado liko mkononi. Hilo kila mtu huliona. Usiku wake wanaujua watu wa nyumbani tu: anajigeuza kitandani, anatoka nje, anarudi, majogoo wanawika hajapata usingizi. Jina la ugonjwa limebeba habari ya mchana peke yake.

Anayeuleta ni mbung'o, yule nzi anayekunja mbawa moja juu ya nyingine kama mkasi uliofungwa. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza iliwatoa Waha wengi, wenyeji wa huko, kwenye kaya zao zilizotawanyika na kuwakusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa msitu, ili mbung'o akose kivuli. Mashamba yaliyoachwa yakageuka pori, na pori ndilo makao yake. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 ilipowapanga tena watu vijijini, wako wazee wa Buha, nchi ya Waha, ambao kuhamishwa hakukuwa jambo geni kwao. Naona uchungu wa kuhamishwa huko haujaandikwa vya kutosha.

Mbali sana na Buha, tangu kabla ya uhamisho huo, watafiti walikuwa wanautafuta usingizi ndani ya ubongo wa wanyama. Mwaka 1875 Mwingereza Richard Caton aligundua umeme hafifu kwenye ubongo wa sungura na nyani. Mwaka 1894 Mrusi Maria Manaseina alieleza jinsi watoto wa mbwa walivyokufa baada ya siku chache tu za kunyimwa usingizi. Mjerumani Hans Berger akachapisha mawimbi ya ubongo wa binadamu mwaka 1929, na tangu hapo usingizi ukawa kitu cha kupimika: mawimbi makubwa ya polepole mtu akizama usingizini, madogo ya haraka akiwa macho.

Chicago, katika miaka ya 1980, Allan Rechtschaffen aliweka panya juu ya kisahani kilichozungushwa juu ya maji kila mawimbi yalipoonyesha kwamba anasinzia. Panya hao walikufa, au waliuawa walipokaribia kufa, baada ya siku kati ya 11 na 32. Ni majaribio magumu kuyasoma. Mwaka 2011, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, panya waliokeshwa walikuwa macho kabisa, wakinyoosha mkono kuchukua punje ya sukari. Lakini baadhi ya seli za ubongo wao zilikuwa zinazima kwa sehemu ndogo ya sekunde, kama zinavyofanya usingizini, na seli zikizima mkono ukaikosa punje.

Kwa malale, jibu la fumbo la usiku na mchana lilikuja kwa vipimo hivyohivyo vya mawimbi ya ubongo. Daktari Mfaransa Alain Buguet na wenzake waliwarekodi wagonjwa wa Côte d'Ivoire, Kongo na Angola saa 24 mfululizo. Hawakulala kupita kawaida. Jumla ya saa haikuongezeka. Usingizi ulikuwa umekatika vipandevipande na kumwagwa usiku na mchana, na usingizi wa ndoto ulivamia mapema, bila kusubiri zamu yake. Panya walioambukizwa vimelea vya jamii moja na vile vya malale walionyesha mkatiko wa namna hiyo katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995. Mwaka 2018 ikaonekana kwamba kimelea huvuruga hata saa ya mwili wa panya, wakatembea katika muda ambao ni wa kupumzika.

Familia zilizokesha na wagonjwa wao Kasulu zilikuwa zimeyaona hayo bila waya wala mashine.

Tiba ya malale yaliyofika kwenye ubongo ilikuwa melasoproli, sindano yenye aseniki, iliyounguza mishipa na kumuua takriban mgonjwa mmoja katika kila 20. Dawa mpya, fexinidazole, iliyojaribiwa Malawi na Uganda kwa aina ya malale ya upande wetu wa Afrika, ni vidonge. Humezwa siku 10, pamoja na chakula.