Projekta ya Milimita 8: Kutoka Ukutani hadi Kwenye Kompyuta

Filamu za nyumbani zilianza kuenea Kodak walipotoa mkanda wa milimita 16 mwaka 1923, kisha ule wa milimita 8, wa bei nafuu zaidi, mwaka 1932. Super 8 ya mwaka 1965 ilikuja ndani ya kaseti, ikaondoa usumbufu wa kupachika mkanda kwa mkono. Kaseti moja ya futi 50 ilikuwa na fremu 3,600 hivi, yaani dakika tatu na ushei za picha. Video ilipoingia majumbani, projekta zikawekwa stoo.

Njia ya kwanza ya kuziokoa picha hizo ilikuwa kuonyesha filamu ukutani huku kamera ya video ikirekodi. Picha ilipepesa vibaya. Ndani ya projekta huzunguka kisahani chenye panga tatu, kinachokata mwanga mara tatu kwa kila fremu. Filamu ikienda fremu 16 kwa sekunde, mwanga humulika mara 48, na jicho halitambui giza la katikati. Kamera za mfumo wa PAL hunasa nusu-picha 50 kwa sekunde. 48 na 50 haziendi pamoja. Mafundi wakaongeza mwendo hadi fremu 16 na theluthi mbili, mimuliko ikatimia 50. Marekani, kwenye mfumo wa 60, mwendo ulipandishwa hadi fremu 20. Ilikuwa hila nzuri, ila watu wote kwenye picha walitembea kwa haraka kidogo.

Kompyuta zilipoweza kupokea picha moja moja, hila hiyo ikakosa kazi. Panga zikang'olewa. Balbu ya wati 100 au 150 ikatolewa, maana ingeunguza mkanda unaokwenda taratibu. Ikawekwa taa ya LED nyuma ya plastiki nyeupe ya kutawanya mwanga. Dirisha la fremu likapanuliwa kwa tupa ili kingo zote zionekane, na mota ikapunguzwa kasi. Ujanja mkubwa ulikuwa wa kipanya cha kompyuta: sumaku ndogo hugandishwa kwenye mhimili wa kisahani, na kila ikipita hufunga swichi iliyounganishwa na kitufe cha kushoto. Kompyuta hudhani mtu amebonyeza, ikanasa fremu. Kwa fremu mbili kwa sekunde, kaseti moja humaliza nusu saa.

Kilichobaki bila kuguswa ni ukucha wa chuma unaovuta mkanda kwa matundu yake, na hapo ndipo penye udhaifu. Mkanda wa asetati ukizeeka hunywea na kutoa harufu ya siki; matundu hayalingani tena na ukucha, nao huyachana. Mkanda wa namna hiyo usipitishwe kwenye projekta, hata iliyorekebishwa vizuri. Unahitaji skana inayousogeza kwa roli pekee.