Nyumba na Mshahara: Habari za Makao Mjini Nairobi



Katika taarifa ya mwaka huu tumeona vema kuweka kumbukumbu fupi ya makao ya wafanyakazi wa Nairobi, ili vijana wetu wajue chanzo cha shida hii.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, mji ulianza kama kambi ya kazi. Mwafrika alihesabiwa kuwa mtu wa kuja, kutumika, kisha kurudi kwao. Kwa hiyo aliyetafutiwa mahali pa kulala ni mfanyakazi peke yake. Mke na watoto hawakuingia katika hesabu. Huko Pumwani, mtaa ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, watu walipewa viwanja, wakajijengea nyumba za fito na udongo na kupangisha vyumba. Wengi walipata huko makao ambayo waajiri hawakuwapa.

Katika miaka ya 1940 ilijengwa Kaloleni, mtaa wa watu na jamaa zao, wenye nafasi za wazi na ukumbi wa mikutano. Zilikuwa nyumba njema, lakini chache. Mwaka 1948 ikatolewa Ramani Kuu ya mji, ikashauri mitaa yenye shule na maduka karibu. Hata hivyo, ramani haimlipii mtu kodi. Mwaka 1954 kamati ya Carpenter ilieleza kwamba mshahara uliopimwa kwa mtu mmoja hauwezi kulisha na kulaza jamaa. Neno hilo ndilo kiini cha habari yetu: nyumba na mshahara havitengani.

Baada ya Uhuru watu waliongezeka upesi. Hesabu ya mwaka 1969 ilionyesha wakaaji 509,286. Ile ya mwaka 2019, wakaaji 4,397,073. Katika miaka ya 1970 Serikali na Benki ya Dunia zilipima viwanja 6,000 huko Dandora, kila kimoja na maji na choo, mwenyewe aongeze vyumba kidogo kidogo. Haba na haba, wengi walijenga, wakapangisha chumba kimoja ili kulipa mkopo. Lakini wengine walishindwa, wakauza haki zao kwa wenye uwezo. Huko Umoja nako, nyumba zilizokusudiwa watu wa kipato cha chini ziliishia mikononi mwa wenye mishahara mikubwa zaidi.

Katiba ya mwaka 2010 imetaja makao bora kuwa haki ya kila mtu, na sheria ya mwaka 2024 ikaweka makato ya asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri atoe kiasi kama hicho.

Basi yatupasa tuulize mapema, kabla ya funguo kugawanywa: malipo ya kila mwezi yamepimwa kwa mshahara wa nani? Vyumba vyatosha watoto? Aliyepungukiwa atalindwaje asiuze? Hesabu isiyomtia mchukuzi na mama wa sokoni itawajengea wengine, nao watabaki pale walipokuwa.