Chujio la Mchepuko: Oili Inachepuka Wapi?

Katika miongozo ya Kiingereza ya injini za dizeli, neno baipasi hutokea mara mbili penye habari za oili. Kuna vali ya baipasi, na kuna chujio la baipasi. Kwa kusikia majina tu, mtu atadhani ni vitu vya ukoo mmoja. Ukweli ni kwamba kazi zake zinapingana, na anayevichanganya anaweza kuua injini huku akiamini anaitunza.

Tuanze na njia ya kawaida. Pampu huvuta oili kutoka kwenye sampu, huisukuma yote ipite kwenye filta, kisha oili husambaa kwenye beringi za krenki, kamshafti na tabochaja. Filta hii, ambayo nitaiita chujio la njia kuu, ina mtihani mgumu. Lazima ipitishe oili yote, wakati wote, hata alfajiri ya Makambako oili ikiwa nzito kwa baridi. Kwa hiyo karatasi yake haiwezi kuwa na matundu madogo mno. Kwa kawaida hukamata chembe za maikroni 25 hadi 40 kwenda juu, na unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Chembe za maikroni 5 au 10 zinapita bila kubughudhiwa. Hizo ndizo mbaya, maana utando wa oili unaotenganisha krenki na beringi wakati lori linapanda mlima na mzigo una unene unaokaribia huo. Chembe kubwa haipenyi kwenye mwanya. Ile iliyolingana na mwanya ndiyo inayokwaruza chuma.

Filta ikiziba, au oili ikiwa nzito mno, vali ya baipasi hufunguka. Oili huruka filta na kuingia injini ikiwa chafu, kwa hoja kwamba oili chafu ni afadhali kuliko beringi kavu. Hapa kinachokwepwa ni chujio.

Chujio la baipasi lina njia nyingine kabisa. Bomba jembamba huchota sehemu ndogo ya oili, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10 ya ile inayosukumwa na pampu, na kuipitisha kwenye tundu dogo ili presha ya injini isishuke. Oili hiyo hupenya polepole kwenye chujio lililoshonana, linaloweza kukamata chembe za maikroni chache tu, kisha hurudi sampu. Haipiti kwenye beringi. Hapa kinachokwepwa ni injini.

Kiingereza kimetumia neno moja bila kusema nini kinakwepwa. Sioni sababu ya sisi kurithi ukungu huo. Napendekeza ya kwanza iitwe vali ya kukwepa chujio. Jina ni refu, lakini fundi akilisikia anajua mara moja kwamba vali hiyo ikifunguka, injini inakunywa uchafu. La pili liwe chujio la mchepuko. Kuchepuka ni kuacha njia kuu na kushika ya pembeni, na kila dereva wa Tanzania amekutana na kibao cha mchepuko mahali barabara inapojengwa. Wapo watakaopenda baipasi libaki, hasa Nairobi ambako baipasi ni barabara kubwa ya kuzunguka jiji. Ndiyo maana silitaki: linaleta picha ya njia pana, wakati sisi tunazungumzia bomba lisilozidi kidole.

Najua mchepuko una makandokando yake. Mtaani ni mpenzi wa pembeni, na kampeni ya afya iliyovuma Tanzania iliwahimiza watu wabaki njia kuu. Vijana wa gereji watacheka, na waache wacheke; jina linalochekesha halisahauliki. Oili yetu angalau ikichepuka hurudi nyumbani safi.

Kihistoria mchepuko ndio mkubwa. Ernest Sweetland na George Greenhalgh walipotoa filta yao ya Purolator huko Marekani mwaka 1923, na kwa miaka mingi baadaye, filta nyingi za oili zilikuwa za mchepuko. Chujio la njia kuu lilienea baada ya Vita Kuu ya Pili. Wala teknolojia hii haijatoweka kwenye malori yetu. Injini ya Volvo D13 ina filta tatu za oili: mbili za njia kuu na moja ya mchepuko. Scania hutumia rota. Oili huingia ndani ya kikombe, hutoka kwa nguvu kupitia vitundu vya chini, na mruko huo ndio unaokizungusha kikombe kwa kasi kubwa kabla oili haijarudi sampu. Uchafu hurushwa ukutani na kugandamana. Fundi akifungua hukuta tabaka jeusi la masizi, lililoshikana kiasi cha kukwanguliwa kwa kisu. Mzoefu hutega sikio pia: injini ikizimwa, rota nzima huendelea kuvuma kwa muda. Ikinyamaza papo hapo, imekwama.

Sasa, je, mchepuko unarefusha maisha ya oili? Piga hesabu. Lori lenye lita 40 za oili na mchepuko wa lita 4 kwa dakika hupitisha ujazo wote wa sampu kila dakika 10. Kati ya Dar es Salaam na Tunduma hilo linatokea mara nyingi mno. Huko Idaho, Marekani, maabara ya taifa ilianza mwaka 2002 kuyafungia mabasi yake 8 ya dizeli machujio ya aina hii. Mabasi yaliyokuwa yakimwagwa oili kila maili 12,000, yaani kilomita 19,000 hivi, yalipita kiwango hicho kwa mbali na oili ileile.

Lakini watafiti hawakukisia. Walikuwa wakichota sampuli na kuzipima, na hapo ndipo wauzaji wengi wa machujio hupita haraka. Chujio huondoa masizi, vumbi na unga wa chuma. Kwa kawaida haliondoi dizeli iliyovujia kwenye oili wala kipozeo kilichopenya kutoka gasketi iliyoungua, wala halirudishi viongezi vilivyokwisha. Kiongezi muhimu ni kile kinachoua asidi. Kiasi kilichobaki nakiita akiba ya alkali. Asidi hiyo hutokana kwa sehemu na salfa ya dizeli, kwa hiyo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliposhusha salfa hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, akiba hiyo ilipata nafuu ambayo hakuna chujio lingeweza kuitoa. Jambo jingine halitajwi sana: kila unapobadilisha chujio la mchepuko unaongeza lita kadhaa za oili mpya, na viongezi vyake vipya. Sehemu ya miujiza inayosifiwa inatoka kwenye dumu.

Kwa hiyo muda wa kumwaga oili hauamuliwi na chujio peke yake, wala na rangi ya oili kwenye stiki. Oili ya dizeli huwa nyeusi baada ya siku chache na bado ikawa nzuri. Huamuliwa na sampuli iliyochotwa injini ikiwa ya moto, ikapimwa chuma, masizi, maji, dizeli na akiba ya alkali, kisha ikalinganishwa na sampuli iliyotangulia. Ukiuziwa chujio la mchepuko kwa ahadi ya kilomita nyingi, muulize muuzaji oili itapimwa wapi na kwa bei gani. Kama hana jibu, mwage oili yako kwa kilomita zilizoandikwa na mtengenezaji.