Mti Uliomo Kiwanjani: Historia ya Kibali cha Kukata Miti ya Hifadhi katika Tanganyika

Mtu anayetaka kujenga nyumba huanza kwa kusafisha kiwanja chake. Majani na vichaka hufyekwa bila ya kuulizwa mtu. Lakini ukikutwa mvule, mninga, mkangazi au mpingo, kazi husimama, kwa kuwa sheria haimpi mwenye kiwanja mamlaka juu ya mti huo mpaka apate kibali. Kumtenga hivi mtu na mti uliomo ndani ya mipaka yake ni jambo lenye historia, na historia hiyo haianzii kwa Wazungu kama idhaniwavyo na wengi.

Katika miji na mashamba ya pwani, ardhi na miti vilikuwa mali mbili mbalimbali tangu zamani. Aliyepanda mnazi kwa idhini ya mwenye ardhi ndiye aliyeumiliki. Aliweza kuuweka rahani na kuwarithisha wanawe, ilhali ardhi ilibaki ya mwingine. Kwa hiyo aliyetaka kujenga mahali penye mnazi wa mwenziwe hakuwa na haki ya kuukata kabla ya kusikilizana naye juu ya thamani yake. Mti wa mwituni, usiopandwa na mtu, haukuwa na mdai wa namna hiyo. Isipokuwa ule uliosadikiwa kuwa makao ya mizimu, kama mibuyu mingi mikubwa, ambao haukuguswa bila ya wazee kutambika. Swali la desturi, basi, lilikuwa hili: ni nani aliyeupanda, na ni nani akaaye ndani yake?

Utawala wa Kijerumani ulileta msingi mwingine. Kwa amri ya tarehe 26 Novemba 1895, ardhi isiyokuwa na mwenyewe ilihesabiwa kuwa mali ya Dola. Mwaka 1898 mikoko ya delta ya Rufiji, iliyokuwa ikitoa boriti za kujengea nyumba za pwani, ilitiwa katika hifadhi. Na amri ya misitu ya mwaka 1904 ikaendeleza kazi ya kutenga misitu mahali pengine. Hata hivyo hifadhi ya namna hii ilikuwa ya mahali: ilikuwa na mipaka, na aliyejenga nje ya mipaka hiyo alijua kuwa yu nje.

Waingereza walitunga sheria yao ya misitu mwaka 1921, kisha wakaiandika upya mwaka 1957. Katika sheria hii ya pili, mti uliweza kuhifadhiwa kwa aina yake, si kwa mahali pake tu. Kwa njia hiyo hifadhi haikumngoja mtu aende msituni, bali ilimfuata mpaka uani kwake.

Sheria hiyo ilidumu baada ya Uhuru wa mwaka 1961, hata ilipofutwa na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, ambayo nayo yampa Waziri uwezo wa kutangaza miti ya hifadhi katika Gazeti la Serikali. Lakini Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, inapoeleza maana ya ardhi, hutia humo vitu viotavyo vyenyewe juu yake. Kwa maneno ya sheria moja, mninga ni sehemu ya kiwanja. Kwa maneno ya nyingine, haukatwi ila kwa kibali. Wala kibali cha kukata hakitoshi kuyatoa magogo kiwanjani, kwani kuyasafirisha kwataka hati nyingine.

Lugha nayo yashuhudia mabadiliko haya. Mizimu iliombwa radhi, mwenye mnazi aliombwa ruhusa, na bwana miti huombwa kibali. Desturi iliuliza habari za mpandaji. Sheria yauliza jina la mti. Hapana shaka sheria imeokoa miti mingi, maana mpingo huchukua zaidi ya miaka 70 kufikia unene wa kufaa mbao. Lakini aliyeuacha mche uote na kuutunza miaka yote hiyo ndiye anayelazimika kuomba, ilhali aliyeung'oa ungali mdogo haulizwi na mtu. Desturi ya kale ilimpa mpandaji haki yake. Sheria itakayompa mtunzaji haki kama hiyo haitakuwa ngeni katika nchi hii.